Kwa Nini Lazima Mkwaju Afe?

Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Alikuwa na mke nyumbani, jina lake Tunu, na wanawake wengine kando ya barabara. Akapata virusi, akaugua, akafa. Yote hayo yalitokea redioni, kwenye Twende na Wakati, mchezo ambao Redio Tanzania ilianza kuurusha mwaka 1993. Hata jina lake lilishatoa hukumu mapema: mkwaju ni mti wa ukwaju, lakini pia ni fimbo. Ukishamwita mtu Fimbo, mwisho wake unaujua kabla hajafungua mdomo.

Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa. Lakini Mkwaju nimekutana naye mara nyingi sana, akiwa na majina mengine. Nimemwona kwenye baraza la chifu akiwa amevaa shati la makanga. Nimemwona kwenye mashindano ya drama za shule, akiwa baba mlevi wa darasa la saba. Nimemwona kwenye bango la kituo cha afya, amekonda, macho yamezama, na chini yake sentensi moja yenye alama ya mshangao. Siku moja hata mimi nilikuwa Mkwaju, kwa shilingi mia tano na soda. Nitafika hapo.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua kuhusu kazi hizi za sanaa ya afya, ziwe za jukwaani, redioni, ukutani au kwenye simu. Hakuna anayezihakiki. Riwaya ikitoka tunaichambua, filamu ikitoka tunaitukana Twitter wiki nzima, lakini skiti ya kipindupindu ikipita mtaani, kinachoandikwa ni ripoti: watu kadhaa walifikiwa, vipeperushi kadhaa viligawanywa. Ni kama mwanafunzi aliyeleta barua ya daktari ili asifanye mtihani. Kwa kuwa nia ni njema, eti hadithi yenyewe isiguswe.

Sasa hivi jambo hili lina haraka yake. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID likawa limefungwa rasmi. Watu waliongea kuhusu dawa na kliniki, na walikuwa sahihi kuanza hapo. Lakini pesa hizo pia ndizo zilizokuwa zikilipa vikundi vya maigizo, vipindi vya redio, vibonzo na michezo ya simu. Zikikauka, tutajua kazi ipi ilikuwa ya watu na ipi ilikuwa ya mfadhili. Mimi sitaki tusubiri wakati ndio utuamulie. Tuzitazame sisi wenyewe.

Tuanze kwa kumtendea Mkwaju haki. Twende na Wakati haikuwa kazi ya kubahatisha. Ilifuata njia iliyotengenezwa Mexico na mtu wa runinga aitwaye Miguel Sabido, ambaye alikuwa ameona jinsi watu wanavyofuata mchezo wa mapenzi kila jioni, akajiuliza kama mchezo huohuo unaweza kufundisha. Njia yake ina wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayeyumba, halafu polepole anachagua. Siri iko kwa huyo wa katikati. Msikilizaji hajioni kwa malaika wala kwa shetani, anajiona kwa yule asiyejua afanye nini.

Na ilipimwa vizuri kuliko kazi nyingi ninazozijua. Kwa miaka miwili, 1993 hadi 1995, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, nchi nyingine ikiwa inausikiliza, kisha watafiti wakalinganisha. Mahali uliposikika, watu walisema wamepunguza wapenzi na wameongeza kutumia kondomu. Baadaye Dodoma nayo ikaupata. Kwa hiyo mtu asiniambie hadithi haifanyi kazi. Inafanya. Mimi ninachouliza ni sehemu ipi ya hadithi ndiyo iliyofanya kazi, kwa sababu waigaji wetu walichukua ile rahisi.

Walimchukua Mkwaju, wakamwacha Tunu.

Tunu ndiye wa katikati. Ndiye anayeanza akivumilia, halafu anaanza biashara yake ndogo na kusimama kwa miguu yake. Mchezo wa redio ulikuwa na miaka ya kumfuata, kipindi baada ya kipindi, akienda mbele hatua mbili na kurudi moja, kama watu wanavyobadilika kweli. Skiti ya baraza ina dakika kumi na tano. Katika dakika kumi na tano huwezi kumbadilisha mtu, ila unaweza kumuua. Ndiyo maana jukwaa letu la afya limejaa maiti.

Hapa ndipo mia tano yangu inaingia. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekataa, na kikundi fulani cha mtaani kilikuwa kinatafuta kijana mrefu. Mwandiko ulikuja kwetu ukiwa umeshapigwa muhuri na shirika lililokuwa linalipa. Nilikuwa mpiga debe anayeitwa Jembe. Ukurasa wa kwanza nanunua pombe, wa pili nakataa kondomu, wa tatu nakohoa, wa nne nazikwa. Mwenzangu alicheza Ukimwi wenyewe, amejifunika shuka nyeusi, ana panga la mbao. Watoto walipiga mayowe ya furaha kila alipotokea. Tulipofika mazishini, mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na karai la sukumawiki akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote, “Na si siku hizi kuna dawa?”

Mwongozaji wetu alimwambia, “Mama, tafadhali, maswali ni mwisho.” Mwisho ukafika, yule mama alikuwa ameenda kuuza mboga.

Swali lake lilikuwa uhakiki bora kuliko wowote nitakaoandika. Dawa za ARV zilikuwepo nchini kwa miaka mingi. Kwenye umati ule, kwa vyovyote, walikuwepo watu wanaozimeza kila jioni, wanalea watoto, wanalipa chama, wanashabikia Gor Mahia. Sisi tukaja kuwaonyesha kaburi lao. Skiti iliyokuwa imeandikwa kuondoa unyanyapaa iliwaambia majirani, kwa picha, kwamba aliye na virusi ni maiti anayetembea. Maneno ya mwongozaji yalisema moja, shuka nyeusi ikasema lingine, na kwenye jukwaa shuka ndiyo hushinda. Mtu yeyote aliyewahi kuigiza anajua hilo.

Nilipokuwa nikifikiria kazi iliyofanya kinyume, nilikumbuka tangazo la runinga la mwaka 2013, lile la “weka kondomu mpangoni”. Lilidumu muda mfupi mno. Wanawake wawili sokoni wanaongea. Mmoja ana mume, na pia ana mpango wa kando. Rafiki yake hamtishi wala hamhubirii. Anamuuliza kama anajikinga. Basi. Tangazo linaisha na hakuna aliyekufa.

Viongozi wa makanisa na wa Kiislamu walikasirika, wakasema linahalalisha uzinzi, na serikali ikaliondoa hewani. Hoja yao naielewa vizuri, na siwezi kusema ilikuwa ya kipumbavu: picha ina nguvu, na ukionyesha jambo bila adhabu unaweza kusomwa kuwa umelibariki. Lakini tazama tangazo lenyewe kama kazi ya sanaa. Linaanza katikati ya mazungumzo, kama umbea wowote mzuri. Linajua kwamba mambo haya yanaambiwa rafiki, kwa sauti ya chini, mkono ukiendelea kuchagua nyanya. Linampa mwanamke siri, na mwanamke mwenye siri ni mhusika, wakati mwanamke anayedanganywa tu ni kielelezo. Halafu linaweka ushauri kwenye mdomo wa mtu asiyekuwa na koti jeupe. Sidhani kuna tangazo la afya la Kenya lililoandikwa vizuri zaidi ya hilo, na ndilo lililozimwa. Mkwaju aliyekufa hakuwahi kuzimwa na mtu. Kifo chake hakimkasirishi askofu wala waziri.

Waandishi wa riwaya walijua haya zamani. Meja Mwangi alitoa The Last Plague mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Inamhusu Janet Juma, mwanamke anayegawa kondomu katika mji mdogo ambao umekaribia kumalizwa na ugonjwa, na ambao hautaki kondomu zake. Ukiambiwa hivyo utadhani ni skiti ndefu. Sivyo. Janet ana hasira, ana watoto, ana mume aliyemtoroka na ambaye siku moja anarudi akiwa mgonjwa, na kijiji kizima kina sababu za kumkatalia, zingine za kijinga na zingine zinazoumiza ukizisikiliza. Mwangi anacheka hadi unajisikia vibaya kucheka naye. Hicho kicheko ndicho ninachokikosa kwenye majukwaa yetu. Ripoti haina mahali pa kuandika kwamba watu 200 walicheka, na bado kicheko ndicho kinachoonyesha kwamba mtu amejitambua kwenye jambo.

Kuna waliojaribu kuichukua hekima hiyo na kuitoa kwenye riwaya kuipeleka barabarani. Shujaaz ilianza mwaka 2010, kijitabu cha katuni cha bure kilichoandikwa kwa Sheng. Kilikuja ndani ya gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na kazi anayeendesha stesheni ya redio kutoka chumbani kwake. Mwaka 2012 kikapata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka vile nakala moja ilizunguka darasani mpaka kurasa za katikati zikatoka. Hatukujua kwamba tunaelimishwa. Tulikuwa tunafuatilia Boyie. Ujumbe wa afya ulikuja umebebwa pembeni, pamoja na jinsi ya kupanda mboga kwenye gunia na jinsi ya kujua kura yako, vile maisha yenyewe yanavyokuja, bila mgawanyo wa wizara.

Lugha ilikuwa nusu ya kazi. Kiswahili cha mabango ya afya ni cha mtu aliyesimama: “Jikinge”, “Epuka”, “Pima”. Vitenzi vyote ni amri. Sheng ya Boyie ilikuwa ya mtu aliyekaa na wewe kwenye ngazi za ploti. Lakini nisipoongeza hili nitakuwa shabiki tu: Sheng ya kuandikwa ofisini huchacha haraka. Wachapishaji wengine walioiga waliishia na kitu ambacho hakuna mtu anakiongea, “niaje masela” za mzee aliyevaa kofia kinyumenyume. Afadhali Kiswahili cha mwalimu wangu wa darasa la nne. Yeye angalau hakujifanya.

Shuga nayo inahitaji maneno yake. Ilipigwa Nairobi, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na Lupita Nyong'o akicheza Ayira kabla dunia haijamjua. Nimeitazama tena mwezi uliopita. Mavazi yamezeeka, muziki umezeeka, Ayira hajazeeka. Anataka pesa, anataka kazi, anataka kupendwa, na vitu hivyo vitatu vinagombana ndani yake kila anapoingia klabu. Baadaye mfululizo ulihamia Nigeria, na huko watafiti wakauonyesha kwa maelfu ya vijana wa mijini na kuwalinganisha na wengine walioonyeshwa kitu kingine. Miezi minane baadaye, waliotazama walikuwa wamepima virusi karibu mara mbili ya wale wengine. Naitaja si kwa ajili ya idadi. Naitaja kwa sababu Shuga ni drama ya kimapenzi isiyoona aibu kuwa drama ya kimapenzi. Watu walipimwa baada ya kutazama kitu walichokuwa wanataka kukitazama.

Michezo ni shida nyingine kabisa, na hapa mimi mwenyewe sina msimamo mmoja.

Mchezo wa kuigiza unakuonyesha mtu akikosea. Mchezo wa kucheza unakuacha ukosee wewe. Hiyo ni nguvu ambayo Sabido hakuwa nayo. Unaweza kuchagua vibaya, ukaona kinachofuata, ukarudi nyuma, ukachagua tena, na hakuna mwili uliougua. Mwaka 2008 Nairobi ilipata Pamoja Mtaani, mchezo wa kompyuta wa kuzuia Ukimwi uliotengenezwa kwa ushirikiano wa mfuko wa PEPFAR na kampuni ya Warner Bros. Kompyuta ziliwekwa kwenye vituo vya vijana. Ulikuwa na nia na pesa, lakini ulikuwa umefungwa mahali pamoja, na mchezo usioweza kuondoka nao ni kama kitabu kilichofungwa kwa mnyororo maktabani.

Miaka kadhaa baadaye, simu zikiwa zimefika kila mahali, kulikuja Tumaini. Mwaka 2017 ulijaribiwa eneo la Kisumu na watoto 60 wa miaka 11 hadi 14, wengine wakipewa simu yenye mchezo na wengine wakisubiri. Waliopewa waliucheza saa nyingi kuliko walivyotarajiwa, na walitoka wakijua zaidi na wakijiamini zaidi. Kinachonivutia ni ulikotoka. Timu iliyouunda ilikuwa imetumia miaka ikisoma hadithi za Ukimwi zilizoandikwa na vijana wa Kiafrika wenyewe kwa mashindano ya Scenarios from Africa, ambayo yalianza 1997. Yaani kabla ya kuwaambia watoto chochote, kuna mtu alikaa akasoma watoto wanajiambia nini. Kwangu hiyo ni kazi ya uhariri, ile tunayoidai kwa mwandishi yeyote: sikiliza kwanza.

Lakini kila mchezo una mungu wake, na huyo ni yule aliyeandika matokeo. Niliwahi kuona, kwenye kituo cha vijana, ubao wa nyoka na ngazi wa afya. Ukifika “umeenda kliniki” unapanda. Ukifika “umepata sponsa” unateremka mpaka mkiani. Mchezo wa nyoka na ngazi ulitoka India, na huko zamani ulikuwa mchezo wa dhambi na thawabu, kwa hiyo umerudi nyumbani kwake. Sasa wewe fikiria msichana ambaye sponsa ndiye anayemlipia karo. Anajua kwamba kwenye maisha yake hiyo ilikuwa ngazi, ngazi mbovu yenye msumari, lakini ngazi. Ubao unamwambia ni nyoka. Anacheza, anacheka, anateremka mkiani, na hauamini. Na ana haki. Halafu dadu! Mchezo mzima unaamuliwa na dadu, na kisha tunasema unafundisha vijana kuchagua. Pengine bila kutaka ubao ule ulisema ukweli mmoja: kama kliniki ina dawa leo au haina, kwa watu wengi hilo ni jambo la dadu.

Hapa ndipo nafika kwenye lalamiko langu kubwa. Katika kazi hizi zote mkosaji ni mmoja. Ni mimi na wewe. Ni mtu aliyelewa, aliyekataa kondomu, ambaye hakunawa mikono, aliyechelewa kwenda kliniki. Foleni haichezi. Zahanati iliyofungwa saa nane mchana haichezi. Mwaka 2020 kuta za Mathare na Kibera zilichorwa vizuri sana, nyuso zenye barakoa, mikono kwenye maji yanayotiririka. Nilizipenda, na bado nazipenda, na wachoraji wengi walikuwa vijana wa mitaa hiyo hiyo waliofanya kwa moyo. Lakini pita hapo na mtungi mtupu wa lita ishirini, baada ya kununua maji kwa shilingi kwa miaka yako yote, uone bomba la rangi likimwaga maji ya rangi. Picha ile ni ama ucheshi mkali sana au ni usahaulifu.

Mwanzoni mwa 2021 shehena ya ARV ilikwama bandari ya Mombasa wakati serikali na wafadhili wakivutana kuhusu kodi na njia ya kuisambaza. Wagonjwa wakaanza kupewa dawa za siku chache chache. Watu waliandamana Nairobi. Hebu fikiria hiyo kama tamthilia: kontena limefungwa, nje kuna watu wenye chupa tupu, ndani kuna mihuri miwili inayobishana. Huna haja ya kuongeza kitu. Mimi sijawahi kuona skiti moja, katuni moja wala ubao mmoja wa mchezo kuhusu kontena lile. Nimeona skiti nyingi kuhusu mtu mzembe aliyesahau kumeza dawa.

Sababu haihitaji uchunguzi. Anayelipa mwandishi hapendi kuwa mhusika. Na Kenya tunajua kinachotokea jukwaa likianza kutaja wahusika wa juu. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijijengea ukumbi wazi kwa mikono yao mwaka 1977, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakirekebisha mwandiko wenyewe mazoezini kwa sababu waliyajua mashamba na viwanda kuliko waandishi. Baada ya wiki chache kibali kikafutwa, Ngũgĩ akafungwa bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Baadaye jukwaa la kijijini lilirudi, lakini likiwa na fulana ya mradi. Liliruhusiwa kuongea kuhusu choo, kondomu na chandarua. Si vitu vidogo, watu wanakufa kwa kukosa choo. Lakini ukiangalia ni nani amechimbiwa shimo kwenye hadithi, utaona ni yuleyule mwananchi.

Hata hivyo kuna njia ndani ya fulana hiyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 shirika la PATH lilianzisha magharibi mwa Kenya kitu kilichoitwa Magnet Theatre, chenye ukoo na jukwaa la Augusto Boal wa Brazil. Waigizaji wanarudi mahali palepale, kwa watu walewale, tena na tena. Mchezo unakatwa penye utata, kabla ya jibu. Msimamizi anageukia umati: sasa afanye nini? Na anayejibu anaambiwa aje, ashike nafasi, aonyeshe. Hiyo inarudisha kile kilichopotea Mkwaju alipoigwa bila Tunu. Inaleta muda, na inamleta yule wa katikati, ila safari hii wa katikati ana jina lake halisi na majirani zake wanamtazama.

Udhaifu wake naujua pia. Msimamizi mbovu huuliza “afanye nini?” kama mwalimu mwenye jibu kwenye mfuko wa shati, na umati unajua, na unampa jibu lake ili soda zitoke. Lakini msimamizi mzuri akipatikana, ni vigumu sana kuandika kifo mapema, kwa sababu hujui nani atapanda jukwaani.

Kikundi nilichoigiza nacho hakina mfadhili tena. Shuka nyeusi ilichukuliwa na mtu, nadhani ni pazia mahali. Lakini wasee wanne wamebaki, na Jumamosi moja ya Agosti niliwakuta uwanjani wakifanya skiti ambayo hakuna aliyewatuma. Mwanamke ana presha, ameenda kutafuta dawa. Karani wa dirishani anamwambia sistimu iko chini. Anarudi kesho, sistimu iko chini. Hapo wakasimamisha, wakauliza afanye nini.

Kijana mmoja alipanda akamtukana karani, tukacheka, karani akafunga dirisha. Dada mwingine akapanda akajaribu kuhonga, karani akachukua pesa na sistimu ikabaki chini. Kisha shosho mmoja, sweta ya kijani, akaja polepole, akatoa kiti cha plastiki kilichokuwa cha msimamizi, akakiweka mbele ya dirisha, akakaa. Hakusema kitu. Karani akamwambia, “Shosho, tunafunga.” Akasema, “Funga, kijana wangu.” Akaendelea kukaa. Mwanamke mwingine akatoka kwenye umati na kuketi chini kando yake, halafu wawili zaidi, mmoja akiwa na mtoto.

Karani, ambaye ni rafiki yangu na hajawahi kukosa cha kusema tangu nimjue, alibaki ameshika kidirisha chake cha katoni, anatazama huku na huku, anatafuta mwandiko.